Samaki wa Mama Walipoanza Kujikuna

Mimi si mtu wa kukaa. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, na ng'ombe akiingia joto hakungoji umalize chai. Una saa chache tu, la sivyo mwenyewe atangoja wiki tatu nyingine akikulaani. Kwa hiyo maisha yangu ya utu uzima nimeyapitisha juu ya pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma yangu, kutoka Ruring'u hadi Othaya, kutoka Othaya kurudi mjini, simu ikilia kwenye mfuko wa koti. Watu huniita daktari na sijawahi kuwakatalia. Nikimwona ng'ombe amelegeza masikio, nampiga sindano kwanza, kisha ndipo namuuliza mwenyewe ameanza lini. Wengi hupona. Wasiopona, huwa nimeshaondoka.

Nayasema haya mapema ili msomaji anijue kabla ya kunihukumu, kwa sababu mwaka huo nilimuuza ng'ombe wa mama bila kumwambia.

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Aliteleza zizini nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya Othaya, asubuhi ya mvua, akiwa na ndoo ya maziwa mkononi. Akalazwa wiki nyingi. Ng'ombe naye hana habari za hospitali. Yeye anataka kukamuliwa asubuhi na jioni. Kaka yangu mkubwa anaishi mbali. Jirani alikamua siku chache, akachoka. Nikakamua mimi siku tisa, nikitoka Ruring'u kabla ya jogoo na kuchelewa kila mahali nilikoitwa. Siku ya kumi, nikiwa na usingizi na hasira, nililiona lori la wachuuzi wa mifugo wa Kagio limesimama kando ya barabara. Nikamwita mwenye lori. Shughuli nzima haikufika saa moja. Nilijisikia mwepesi, na nikisema kweli, nilipiga mluzi njiani nikirudi.

Jioni hiyo, kitandani hospitalini, mama aliniuliza, "Ng'ombe iko aje?"

Nikamwambia iko sawa, jirani anaikamua. Jirani nikamwomba anitunzie siri, akakubali shingo upande. Nilidhani ni uongo wa wiki moja, mpaka mama apate nguvu ya kusikia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwezi wa saba.

Alipotoka hospitalini tulimleta kwangu Ruring'u, kwa kuwa nyumba yetu haina ngazi wala matope. Mke wangu ni mwalimu, na si wa huku, kwao ni upande wa Taita, kwa hiyo nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Mama alikubali kuongea chake, kile cha sokoni alichojifunza akiuza kabichi. Kila asubuhi aliniuliza habari za ng'ombe. Je, anakula? Kwato zimekatwa? Jirani anampa chumvi? Nilijibu nikiwa nimesimama mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, na nikatoka kabla hajafika swali la nne.

Tangi la samaki lilikuwa la mke wangu. Mwalimu mwenzake alipohamishwa alimwachia lote kama lilivyo: sanduku la kioo la urefu wa mkono mzima, chujio, pampu ndogo ya hewa, mawe madogo chini, na samaki watano wa rangi ya machungwa, kila mmoja mnene kama kidole gumba. Mama alipoliona mara ya kwanza alicheka kwa dharau.

"Mnyama huwezi kamua, huwezi chinja, haikupi hata mbolea," alisema. "Sasa hii ni ya nini?"

Lakini mtu aliyefuga miaka yote hawezi kukaa katika nyumba yenye mnyama asijue amekula nini. Wiki ya pili alikuwa amekwisha kuomba kiti chake kisogezwe karibu na tangi. Wiki ya tatu aliwanyima wengine ruhusa ya kuwalisha. Aliwapa chakula saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, saa zile zile za kukamua, kidogo tu, kati ya vidole viwili, na akawajua mmoja mmoja: yule mchoyo, yule mwoga, yule anayewahi kila kitu na kula kidogo kuliko wote. Huyu wa mwisho, mama alisema, amefanana nami.

Mwisho wa mwezi wa sita daktari wake alimwambia anaweza kurudi nyumbani, mradi atumie mkongojo na asibebe ndoo. Mama akaanza kukunja nguo zake. Nikawaza nitamwambia Jumatatu, kisha Jumatano, na kwa vile sikuthubutu kumwambia nilimnunulia samaki. Nilipita kwenye kiduka kilicho nyuma ya soko mjini, nikachagua samaki mweusi mwenye macho makubwa. Mwenye duka, mama wa Kiislamu wa umri wa kadiri, aliniambia nimweke peke yake katika beseni wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikapigiwa simu, kuna ng'ombe ameingia joto tangu jana. Nikamimina samaki tangini pamoja na maji aliyokuja nayo, nikaenda zangu.

Siku kadhaa baadaye, Alhamisi, mama aliniita nikiwa nafunga kamba za viatu.

"Baba, hizi samaki zinajikuna."

Mimi ni mwana wake wa pili, nimerithi jina la babake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita baba. Huwa si rahisi kumdanganya mtu anayekuita hivyo. Nilikuja nikatazama kwa muda wa kuvaa kofia. Niliona samaki sita wanaogelea.

"Ni baridi tu, mama."

"Si baridi. Ile ndogo imebana mapezi. Hii nyeusi inajisugua kwa mawe tangu juzi. Na ile yako ya haraka leo haikukuja kula."

"Zitazoea," nikasema, nikatoka.

Kesho yake walikuwa na madoa meupe, madogo kama punje za chumvi, mkiani na mapezini. Mama alikuwa amepanga kuondoka Jumamosi. Alisimama na mkongojo wake, akatazama tangi, akatazama mfuko wake wa nguo uliokuwa tayari kando ya mlango, kisha akaurudisha chumbani. Kwetu mtu hafungi safari akaacha mfugo mgonjwa bomani. Baba yangu aliwahi kukosa harusi ya mpwa wake kwa sababu ya ndama aliyekuwa akihara, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Ng'ombe yangu iko na jirani," mama alisema. "Hizi haziko na mtu. Nitaenda zikipona."

Nilifurahi. Naona haya kuliandika, ila nilifurahi kama mtu aliyeahirishiwa kesi. Kadiri wale samaki wangeugua, zizi tupu la Othaya lingebaki kuwa siri yangu. Wakipona, ataondoka, na atafika, na ataona.

Hata hivyo nina kiburi cha kazi. Mnyama kuugua chini ya paa langu ni aibu, hata awe wa ukubwa wa kidole. Siku hiyo hiyo nilitoa kwenye mkoba ile dawa ya rangi ya chai ninayowadunga ng'ombe, ile tunayoitumia kwa karibu kila kitu. Nikakaa mezani nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya mfuko wa chakula cha ng'ombe. Mnyama wa kilo mia nne anapata kiasi fulani. Je, samaki wasiojaza hata kiganja, sita kwa jumla? Ilikuja tone na nusu. Tone na nusu nikaona ni dharau, nikaongeza, kama tunavyoongeza siku zote.

"Umejua ni ugonjwa gani?" mama aliuliza.

"Hii inatibu kila kitu."

"Hakuna kitu inatibu kila kitu."

Maji yakageuka rangi ya chai kavu, juu yakafanya povu. Kufikia kesho yake adhuhuri samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakivuta hewa. Wawili walikuwa wamelala ubavu. Mama aliwatoa mwenyewe kwa kichungi cha chai, akatoka nje hatua kwa hatua na mkongojo wake, akawazika kwenye shina la sukumawiki. Jioni aliniambia tu kwamba yule wa haraka amekufa.

Basi nikarudi kwenye kile kiduka, nimekasirika kana kwamba ni mwenye duka aliyekosa. Duka lenyewe ni jembamba. Kuna kasuku wadogo katika vizimba, chakula cha paka, na ukuta mzima wa matangi. Yule mama alikuwa akipima mtama wa ndege. Alizaliwa hapa hapa Nyeri, na mamake pia, na Kiswahili chake hunifanya nione changu kina matope.

"Samaki wako wana nini?" aliniuliza.

"Madoa meupe. Wawili wamekufa. Nipe dawa ya madoa."

"Nani alianza?"

"Sijui."

"Walijikuna kabla ya madoa au baada?"

"Sijui, nafikiri kabla."

"Madoa yalianzia wapi, mkiani au mgongoni? Ni kama chumvi au ni kama pamba? Maji yana joto gani? Mna hita?"

Sikujua hata moja. Nilianza kutafuta funguo za pikipiki mfukoni, dalili kwamba nataka kuondoka. "Mama, wewe niuzie dawa tu. Mimi pia ni mtu wa mifugo."

Alikuwa amekwisha kushika chupa. Akairudisha rafuni.

"Nakujua, daktari. Umempandishia ndugu yangu ng'ombe mara tatu, na mara ya tatu akashika." Alitabasamu kidogo. "Nikikuuzia sasa utawamaliza waliobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe hata hufichi, hujayatazama. Nani anakaa na hao samaki?"

Nikampigia mama simu. Nilidhani nitamuuliza na kumjibia mwenye duka, lakini baada ya swali la pili yule mwanamke alinyoosha mkono akachukua simu yangu. Wakaongea. Sijui waliongea muda gani. Mimi nilihesabu kasuku, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma maandishi ya kila mfuko. Mama alijua yote. Alijua kwamba mweusi ndiye aliyeanza, kwamba alijikuna siku mbili kabla ya doa la kwanza, kwamba madoa ni kama chumvi na si pamba, kwamba samaki mwenye madoa mengi hukaa karibu na pampu, kwenye mapovu. Mwenye duka alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua nzuri.

Alipokata simu alinitazama. "Nyumbani kwako kuna daktari, ila si wewe. Yule mweusi ulimweka kwenye beseni wiki mbili?"

"Nilimweka dakika mbili."

Hakucheka. Alinieleza taratibu, akitumia mtama uliokuwa mbele yake. Yale madoa ni vidudu vilivyojichimbia chini ya ngozi ya samaki, na vikiwa humo hakuna dawa inayovifikia. Vikishiba vinajiangusha chini, kwenye mawe, vinazaana huko, na watoto wao wanaogelea kutafuta samaki wa kuingia. Ni wakati huo tu, vikiwa majini bila nyumba, ndipo dawa huviua. Kwa hiyo samaki akionekana safi si kwamba amepona. Huenda maradhi yote yamo chini ya mawe yakijiandaa. Maji ya baridi huvichelewesha, na maji yetu yanatoka mlimani yakiwa kama barafu, ndiyo maana ugonjwa huu kwetu hudumu. Ile dawa yangu ya ng'ombe, ambayo mama alikuwa amemsimulia kwenye simu, haikuvigusa kabisa. Vilivyokufa ni vijidudu vyema vilivyokaa kwenye chujio na kusafisha maji, na samaki wakabaki kupumua uchafu wao wenyewe.

"Ng'ombe unamtibu ng'ombe," alisema. "Samaki unatibu maji. Pandisha joto polepole, nyuzijoto moja kwa siku, mpaka ishirini na nane. Chumvi tupu, si ile ya ng'ombe, ile ina madini itawaua. Dawa hii ya buluu baada ya kila siku mbili, na kila mara kabla ya dawa unatoa robo ya maji, ukinyonya uchafu kutoka kwenye mawe. Siku kumi na nne. Hata wakionekana wazima, kumi na nne."

Nilisikia alichosema, na chini yake nikasikia kitu kingine. Siku kumi na nne bila kusema lolote kuhusu ng'ombe, na kwa amri ya mtaalamu. Nilimlipa dawa, hita na kipimajoto, nikaondoka na moyo mwepesi.

Sasa, kazi ile si ya mtu kama mimi. Kunyonya uchafu kwenye mawe kunataka mpira mwembamba, ndoo, na mtu aliyechuchumaa akisogeza ncha ya mpira jiwe kwa jiwe asivute samaki. Maji mapya lazima yachanganywe na ya birika mpaka kipimajoto kikubali. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu haukuondoka Ruring'u mpaka adhuhuri, na stima ikipotea hita inazimika na tangi linaanza kupoa. Tulikuwa tunalifunika kwa blanketi la mama. Nilijaribu kufanya yote kwa nusu saa. Siku ya pili nilimwaga ndoo nzima sebuleni. Mama alisema mguu wangu unaotikisika unawatisha samaki.

"Keti," alisema.

Nikaketi. Alinionyesha namna ya kutazama. Usimtazame mgonjwa, alisema, watazame wote, kisha uone ni nani hayuko kama wenzake. Usigonge kioo. Usimlishe kwanza, maana mgonjwa akiona chakula hujitia nguvu, kama mgeni anayeulizwa kama ameshiba. Ni mambo aliyoyajua kutoka zizini, nami nilikuwa nimeingia mazizi elfu bila kuyajua.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeketi, aliongea. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Aliniambia kwamba ng'ombe yule alimnunua akiwa ndama mwaka baba alipokufa, kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza na alitaka kitu cha kumlazimisha aamke. Aliniambia ng'ombe huyo anaijua sauti ya miguu ya mama. Mama akichelewa dakika tano, ng'ombe anaanza kugonga ubao kwa paji la uso. Alijiuliza kama anamgongea jirani pia.

"Anagonga?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Sijamuuliza."

"Muulize."

Nilisema nitamuuliza. Nilinyonya jiwe moja mara tatu.

Siku ya sita madoa yalitoweka. Mapezi yakafunguka, mweusi akaanza tena kuwasukuma wenzake kwenye chakula. Mama alitazama asubuhi nzima, kisha akasema, "Zimepona. Jumamosi nipeleke."

"Bado," nikasema. "Dozi haijaisha. Ukiacha sasa vitarudi vikiwa vingi zaidi."

Ilikuwa kweli, kila neno. Miaka yote nimewafokea wakulima wanaoacha dawa ng'ombe akianza tu kula, na mimi mwenyewe sijawahi kurudi kuona kama sindano ya tatu ilidungwa. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimaliza dozi, na niliimaliza kwa uoga. Mke wangu aliliona hilo. Tulikuwa jikoni tukichemsha maji ya tangi.

"Unawatibu samaki au unajificha nyuma yao?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia aangalie birika.

"Mama amepona," alisema. "Anakaa hapa kwa ajili yako. Mwambie kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Zile siku nane zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko miezi minne iliyotangulia. Sikulala vizuri. Nikiwa kazini nilijikuta nikimtazama kila ng'ombe usoni, jambo ambalo kazi yangu hainidai, kwa kuwa mimi hukaa upande wa pili. Nikirudi nilikuta mama amenisubiri tuanze kunyonya mawe. Alikuwa ameanza kupenda vile nilivyoketi; alimwambia mke wangu kwamba ugonjwa wa samaki umemletea mtoto wake. Nilimsikia nikiwa kwenye varanda. Niligeuka nikatoka mpaka barabarani, nikasimama huko bila sababu, nikarudi.

Siku ya kumi na nne, saa kumi na mbili jioni, mama aliwalisha samaki wanne. Wote walikuja. Hakukuwa na doa hata moja. Alijifuta vidole kwenye leso, akaegemea kiti.

"Kesho," alisema.

"Mama, ng'ombe hayuko. Nilimuuza ukiwa hospitalini."

Yalitoka hivyo, bila utangulizi, kama ninavyofanya kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa kuambiwa nitoke mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya safari za alfajiri, za siku tisa, za jirani kuchoka. Yeye aliwatazama samaki mpaka wakamaliza kula na kutawanyika.

"Uliuza kwa mtu wa kukamua ama mtu wa kuchinja?"



"Sikuuliza," nikasema.

"Hukuuliza." Alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akiwatazama samaki, bila haraka, akitafuta ni wapi siko kama wenzangu. "Baba, ulikuwa unakimbia wapi?"

Nilitamani anipige. Kumuuza kungeweza kusameheka. Watu huuza ng'ombe kila siku. Lakini nilimkabidhi mnyama aliyemwamsha mama yangu miaka kumi na mitatu kwa mtu nisiyemjua, na sikumuuliza swali moja ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza. Niliona aibu ya kweli.

"Nenda uulize," akasema. "Halafu nitajua naenda nyumbani kwa nini."

Nilikwenda Kagio siku ya soko. Nilizima simu tangu Karatina. Niliuliza kati ya malori ya nyanya na vitunguu mpaka nikaonyeshwa wanaposimama watu wa mifugo, na yule mchuuzi alikuwa pale pale, akinywa uji. Alinikumbuka.

"Ile ya Othaya, nyeusi na nyeupe?" alisema. "Ilikuwa mzee, daktari. Nani angenunua ya maziwa? Hiyo haikulala. Ilienda kichinjio hiyo siku tu." Akanikaribisha uji. Hakuwa amefanya kosa lolote, na alikuwa mkarimu.

Njiani nikirudi nilitunga uongo mwingine. Ulikuja wenyewe, mzuri, umekamilika: mama mmoja wa huko Mwea, mjane, anamlisha majani ya mpunga, anamkamua mwenyewe, na ng'ombe amenenepa. Nilimwona hata yule mjane, leso yake, watoto wake. Kufikia Karatina nilikuwa karibu kumwamini. Nilikuwa na hakika kwamba uongo huo ungemfariji mama, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, kwamba ungekuwa wa huruma. Lakini nilijua pia angeniuliza kama anagonga ubao, na ningesema ndiyo, na ningeendelea kusema ndiyo mpaka amekufa.

Nilimkuta kwenye kiti chake, mfuko wa nguo miguuni. Mke wangu alikuwa akisahihisha madaftari mezani. Aliponiona aliweka kalamu chini lakini hakuondoka. Nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mama.

"Walimchinja, mama. Siku ile ile."

Aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kuitikia kwa muda, kidogo kidogo, kama mtu anayekubaliana na jambo moja baada ya lingine.

"Ilikubali kupanda lori?" akauliza.

Hilo nilikuwa nalijua. Kati ya yote niliyoulizwa tangu samaki waanze kuugua, hilo peke yake nililijua bila kumuuliza mtu.

"Alikataa. Alijitupa chini mlangoni mwa zizi. Tulikuwa wanaume wanne, na mmoja wao alimkunja mkia mpaka akainuka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyuma. Nilikuwa nasukuma."

Mama alifumba macho. Machozi yalimtoka, na mama yangu hakulia hata siku tulipomzika baba.

"Ilikuwa inaningoja," alisema.